Daraja Lenye Paa na Siri ya Kuhamishika Kwake

Mtu asafiriye kwa barabara kutoka Bukoba kwenda Mutukula hana budi kuuvuka Mto Kagera mahali paitwapo Kyaka. Kagera ndio mkubwa kuliko mito yote iingizayo maji katika Ziwa Viktoria. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini ya mto huo, na mwanzoni mwa Novemba yakalilipua daraja la Kyaka kwa baruti. Kwa kitendo hicho kimoja, eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,800 likakatwa na nchi yake. Lakini katika majuma machache wahandisi wa Jeshi la Wananchi la Tanzania waliweka daraja la muda, majeshi yakavuka, na ardhi ile ikakombolewa. Vita vilipokwisha mwaka 1979, mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ulipewa jina la mto huo.

Tukio hilo laleta swali la kisayansi ambalo halina budi kumvutia mwanafunzi. Yawezekanaje daraja libebwe vipande vipande, lifikishwe ukingoni mwa mto na kusimamishwa kwa siku chache, kisha pengine lifunguliwe tena na kupelekwa kwingine? Jibu halianzi kwenye chuma. Laanzia kwa maseremala wa zamani, katika aina ya daraja ambayo ni ngeni kwa wengi wetu, yaani daraja la mbao lenye kuta na paa kama nyumba. Makala haya yaeleza namna daraja hilo linavyofanya kazi, kwa nini lilifunikwa, jinsi moja lilivyohamishwa na kujengwa upya, na faida ya maarifa hayo kwa watu wanaoishi penye mvua nyingi kama Bukoba na Muleba.

GOGO NA UPUNGUFU WAKE

Daraja la kwanza la binadamu bila shaka lilikuwa gogo lililolazwa juu ya kijito. Gogo likilemewa katikati hupinda. Nyuzi za mti zilizo upande wa juu hubanwa, na zile za upande wa chini huvutwa. Nguvu hizi mbili, ya kubana na ya kuvuta, ndizo msingi wa elimu yote ya madaraja.

Ubaya wa gogo ni kwamba nguvu yake haiendi sambamba na urefu. Tukichukua magogo mawili ya unene mmoja na mti mmoja, moja likiwa na urefu mara mbili ya jingine, kisha tukayatwika mzigo ule ule katikati, gogo refu halitapinda mara mbili tu. Litapinda mara nane. Kina cha boriti, kwa upande mwingine, husaidia sana. Ubao wenye upana wa sentimita 20 na unene wa sentimita 5, ukisimamishwa kwa ubavu, huweza kubeba mzigo mara nne ya ule ambao ungeuvunja ukilazwa bapa, na ugumu wake wa kupinda huongezeka mara 16. Ndiyo sababu fundi hailazi boriti ya dari bali huisimamisha.

Basi anayetaka kuvuka mto mpana ahitaji boriti yenye kina kirefu mno, kuliko unene wa mti wowote. Hapo ndipo maseremala walipoigeukia pembetatu.

PEMBETATU HAIYUMBI

Chukua vijiti vinne, uviunge pembeni kwa misumari midogo ili kupata mraba. Ukiusukuma upande mmoja, mraba hulala na kuwa umbo la mshazari, ingawa hakuna kijiti kilichovunjika. Sasa chukua vijiti vitatu, uunge pembetatu. Sukuma utakavyo, haitabadilika umbo mpaka kijiti kivunjike au kiungo king'oke. Sababu ni kwamba urefu wa pande tatu ukishajulikana, pembe zake haziwezi kuwa nyingine. Mwanafunzi wa jometri anaijua kanuni hiyo. Fundi anayepandisha kenchi za paa anaitumia kila siku.

Kenchi iliyo rahisi kabisa ina mbao mbili za mshazari zinazokutana kileleni, ubao mmoja wa chini unaozifunga miguu zisitanuke, na nguzo fupi katikati. Mzigo ukiwekwa katikati ya ubao wa chini, nguzo hiyo huupokea na kuupandisha kileleni. Kutoka hapo mbao za mshazari huuteremsha hadi kwenye kingo mbili. Jambo la kushangaza ni kwamba ile nguzo ya katikati, inayoonekana kama imesimama kuhimili kitu, kwa kweli inavutwa, imening'inia.

Tuseme mzigo ni wa tani 2. Kama mbao za mshazari zimeinuka kwa pembe ya nyuzi 45, kila moja itabanwa kwa nguvu ya kiasi cha tani 1.4, na ubao wa chini utavutwa kwa tani 1. Zikiinuka kwa nyuzi 30, kila moja itabeba tani 2. Zikilala hadi nyuzi 15, kila moja itabanwa kwa karibu tani 3.9, na ubao wa chini utavutwa kwa tani 3.7. Mzigo haukuongezeka hata kidogo. Kilichobadilika ni pembe tu. Kwa hiyo kenchi iliyolala sana ni dhaifu, na iliyosimama ni imara. Mwanafunzi aweza kuyathibitisha haya kwa kuchora pembetatu ya nguvu kwa rula na kipimapembe.

Kwa mto mpana, pembetatu moja haitoshi. Fundi huzipanga pembetatu nyingi moja baada ya nyingine, upande wa kulia na wa kushoto wa njia, mpaka zifanye kuta mbili ndefu. Kila ukuta sasa hufanya kazi kama boriti moja yenye kina cha mita kadhaa, lakini isiyo na uzito wa boriti hiyo, maana sehemu kubwa yake ni nafasi tupu. Mwitalia Andrea Palladio alichora madaraja ya namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1570. Huko Uswisi, seremala Hans Ulrich Grubenmann alijenga daraja la mbao lililofunikwa juu ya Mto Rhine mjini Schaffhausen, likakamilika mwaka 1758, lenye sehemu mbili za zaidi ya mita 50 kila moja. Daraja hilo nalo liliangamizwa na vita, kama la Kyaka: jeshi la Ufaransa lililokuwa likirudi nyuma lilichoma moto mwaka 1799.

KWA NINI LIEZEKWE?

Watu wengi waonapo picha ya daraja lenye paa hudhani kwamba liliezekwa ili wapitao wasinyeshewe, au ili theluji isijae njiani. Dhana hii si sahihi. Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, wakati wa baridi watu walisafiri kwa magari ya kuteleza yasiyo na magurudumu, na walilazimika kumwaga theluji ndani ya daraja ili magari hayo yapite juu ya sakafu kavu. Paa halikuwekwa kwa ajili ya msafiri. Liliwekwa kwa ajili ya mbao za pembetatu.

Mbao haiozi kwa sababu ya uzee. Huoza kwa sababu kuvu huila. Kuvu ni viumbe hai, navyo vyahitaji hewa, joto la wastani, chakula na maji. Chakula ni ule ubao wenyewe; hewa na joto hatuwezi kuviondoa; lakini maji twaweza kuyazuia. Ubao ambao maji yake hayazidi kiasi cha asilimia 20 ya uzito wake mkavu hauozi. Ukilowa kupita hapo na kubaki hivyo, kuvu huanza kazi. Mahali pa hatari zaidi si katikati ya ubao, ambapo upepo hukausha upesi, bali kwenye maungio, pale ulimi wa ubao mmoja unapoingia katika tundu la mwingine. Maji yakipenya humo hayatoki. Daraja huanza kufa pale pale linapobeba nguvu kubwa kuliko popote.

Mjenzi Timothy Palmer, aliyejenga daraja kubwa la mbao mjini Philadelphia lililofunguliwa mwaka 1805, alilieleza jambo hili kwa hesabu ya fundi mzoefu. Madaraja yasiyofunikwa, alisema, hudumu miaka 10 au 12; lililofunikwa vizuri laweza kudumu miaka 30, pengine 40. Daraja lake likawekwa kuta na paa, na wajenzi wengine wakafuata. Wakati umeonyesha kwamba Palmer alikadiria kwa uangalifu kupita kiasi, kwani yapo madaraja yaliyofunikwa katika karne ya 19 ambayo yangali yamesimama, baada ya zaidi ya miaka 150.

Msomaji wa Bukoba na Muleba hana haja ya kwenda mbali kuipata kanuni hii. Mji wa Bukoba hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya ile ya Dodoma. Katika hali hiyo Wahaya walijenga msonge, nyumba ya duara ambayo paa lake la nyasi huteremka kwa mteremko mkali hadi karibu na ardhi. Mteremko huo huyaondosha maji kabla hayajapenya nyasi, na nguzo za ndani hubaki kavu. Moshi wa jikoni huzidi kuzikausha na kuwafukuza wadudu. Seremala wa Uswisi na mjenzi wa msonge hawakupata kuonana, lakini kwa kuwa adui yao alikuwa mmoja walifikia shauri moja: kinachobeba kisinyeshewe.

DARAJA LILILOHAMISHWA

Mwaka 1832 huko kusini-magharibi mwa jimbo la Pennsylvania, Marekani, wakulima walijenga daraja la mwaloni juu ya kijito, lenye urefu wa mita zipatazo 23. Lilijulikana kwa jina la Ackley, yaani jina la ukoo wa mmoja wa wajenzi wake. Muundo wake ulikuwa ule wa pembetatu zilizopangwa mfululizo, kila moja ikiwa na nguzo yake inayoning'inia, na juu yake paa. Kwa miaka 105 daraja hilo lilipitisha watu, mifugo na magari ya kukokotwa, na hatimaye motokaa.

Mwaka 1937 serikali ya jimbo iliamua kuweka daraja jipya mahali pale. Daraja la zamani liliuzwa kwa dola 25 kwa mjukuu wa mjenzi, naye akalitoa kwa Henry Ford, mtengenezaji wa motokaa, aliyekuwa akikusanya majengo ya kale katika makumbusho ya Greenfield Village, mjini Dearborn, jimbo la Michigan. Daraja likafunguliwa, mbao zikasafirishwa hadi Dearborn, na mwaka 1938 likasimamishwa upya. Lingali huko hadi leo.

Kazi ya namna hii hufuata mpango ambao mwanafunzi hufaa kuujua. Kwanza daraja hupimwa na kuchorwa lote. Pili, kila ubao hutiwa alama yake, ili ijulikane ulikuwa upande gani na uliungana na upi. Desturi hii ni ya kale. Maseremala walikuwa wakichonga alama za namna hiyo tangu wanapokata mbao, kwa sababu kila ulimi ulitengenezwa kwa tundu lake, wala haukukaa vema katika jingine. Tatu, kabla ya kung'oa hata kigingi kimoja, daraja huwekewa vihimili kutoka chini. Hatua hii ni ya lazima. Pembetatu iliyobeba mzigo imejaa nguvu za kuvuta na kubana. Kigingi kikitolewa kabla mzigo haujapokelewa na kihimili, nguvu hizo hufunguka ghafla na kuua. Ndipo paa huondolewa, kisha mbao za kuta, sakafu, na mwisho pembetatu zenyewe. Kusimamisha upya ni kuifuata njia hiyo hiyo kutoka mwisho hadi mwanzo, na ubao uliooza hubadilishwa kwa mwingine uliochongwa kwa mfano wake.

Hapa siri ya daraja hili yajitokeza. Lahamishika kwa sababu limeungwa, halikugandishwa. Ukuta wa zege hauwezi kufunguliwa. Waweza kuvunjwa tu. Daraja la mbao hushikamana kwa ndimi, matundu na vigingi, na kile kilichofungwa kwa kigingi chaweza kufunguliwa kwa kukigonga kigingi.

KUTOKA MBAO HADI CHUMA

Katika karne ya 19 hesabu ziliufikia ufundi. Mwaka 1820 Ithiel Town alipata hataza ya ukuta wa mbao nyembamba zilizopishana kama kimia, ambao mafundi wa kawaida waliweza kuujenga. Mwaka 1840 William Howe alizibadilisha nguzo zinazovutwa, akaweka vyuma vya mviringo vyenye nati, kwa kuwa chuma hustahimili kuvutwa vizuri kuliko maungio ya mbao. Mwaka 1847 Squire Whipple alichapisha kitabu kilichoonyesha namna ya kukokotoa nguvu iliyo katika kila kipande. Baada ya hapo mbao ziliondoka hatua kwa hatua, chuma kikaingia, lakini pembetatu zilibaki zile zile. Na kwa kuwa chuma hakiliwi na kuvu bali huzuiwa kutu kwa rangi, paa halikuhitajika tena.

Afrika Mashariki iliufahamu ufundi huu mapema. Reli ya Uganda ilipokuwa ikiteremka milima ya Mau kuelekea Kisumu, madaraja marefu 27 ya chuma yalihitajika. Yalitengenezwa Marekani na kampuni ya American Bridge, yakapakiwa melini vipande vipande hadi Mombasa, na kuunganishwa mahali pake mnamo miaka ya 1900 na 1901. Yalikuwa madaraja yaliyosafiri baharini kabla ya kusimama.

Hatua ya mwisho ilifikiwa katika Vita Kuu ya Pili. Mwingereza Donald Bailey alibuni daraja la kijeshi ambalo vipande vyake vyote vya ubavuni ni sawa. Kila kipande ni fremu ya chuma yenye pembetatu ndani yake, urefu wake mita 3 hivi, kina chake mita 1.5, na uzito wake kilo 260 hivi, mzigo ambao watu sita huweza kuubeba. Vipande huungwa kwa pini za chuma. Hakuna alama za kutafuta, maana kila kipande chaingia mahali pa kingine. Na hilo ndilo lililowashinda maseremala wa kale.

Daraja hilo laweza kuvushwa mto bila mtu kusimama ng'ambo. Huungwa nchi kavu juu ya magurudumu, na mbele yake hutiwa pua nyepesi isiyo na sakafu. Kisha husukumwa taratibu. Madhali sehemu iliyo nchi kavu ni nzito kuliko ile iliyo hewani, daraja haliinami mtoni, kama vile mtoto mzito akaliaye upande mmoja wa ubao wa kupembea asivyoinuliwa na mwepesi. Pua ikigusa ukingo wa pili, daraja huteremshwa mahali pake na pua hufunguliwa. Kazi ikiisha, pini hutolewa na daraja hupakiwa kwenye malori. Madaraja ya jamii hii yametumika duniani kote, vitani na katika mafuriko, barabara zinapokatika.

NI KITU GANI KILICHOHAMISHWA?

Baadhi ya mbao zikibadilishwa, je, daraja ni lile lile? Swali hili si mchezo wa maneno. Latugusa kila tunapotaka kuhifadhi urithi.

Mwaka 1968 Daraja la London, lililojengwa kwa mawe katika karne ya 19, liliuzwa na kuhamishiwa Lake Havasu City katika jimbo la Arizona, ambako lilifunguliwa mwaka 1971. Lakini mawe yaliyotiwa namba na kusafirishwa yalitumika kama vazi la nje. Ndani yake uliwekwa mwili mpya wa zege. Kilichohama ni sura. Daraja la Ackley lilihama pamoja na kazi yake: mbao zake bado hubanwa na kuvutwa kama zilivyokuwa mwaka 1832.

Kuna njia ya tatu, nayo ipo hapa nyumbani. Katika Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960, zimo nyumba za jadi za makabila mbalimbali ya Tanzania, mojawapo ikiwa msonge wa Wahaya. Nyasi na miti haviwezi kudumu kama mwaloni au granaiti; hapana budi nyumba kama hiyo ifanyiwe matengenezo na kujengwa tena. Kinachosafiri kutoka Kagera hadi Pwani si miti, bali ujuzi wa namna ya kuipanga. Vivyo hivyo, jumba kuu la makaburi ya Kasubi mjini Kampala, jengo la miti, matete na nyasi lililomo katika Urithi wa Dunia tangu 2001, liliteketea kwa moto tarehe 16 Machi 2010. Lilijengwa upya, na mwaka 2023 makaburi hayo yaliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu walikuwepo watu waliojua kuezeka na kufunga matete kwa utaratibu wa kale. Kama wasingekuwepo, fedha peke yake zisingetosha.

Kwa hiyo daraja au nyumba ya miti hudumu kwa vitu viwili: paa lisilovuja, na mtu anayejua kuiunga. Kati ya hivyo, cha pili ndicho kipoteacho kwa urahisi zaidi, maana hakuna anayesikia kishindo chake kinapoanguka.

MADARAJA YA VIJITO VYETU

Bukoba na Muleba ni nchi ya vilima, mabonde na vijito. Mto Ngono, unaokusanya maji ya nchi hiyo na kuyapeleka Kagera, una matawi mengi madogo, na penye matawi hayo njia za kwenda shambani, sokoni na shuleni mara nyingi huvushwa kwa magogo machache yaliyolazwa na kutandikwa mbao. Gogo la mkaratusi lililolazwa juu ya udongo mbichi hunyonya maji kwenye ncha zake, na huoza kuanzia ndani. Kwa nje laonekana zima. Mtoto huvuka asubuhi, na jioni mvua ikiisha kunyesha, gogo lile lile humtupa mtoni.

Mafunzo ya daraja lenye paa yaweza kupunguza hatari hiyo hata pale ambapo hakuna fedha za zege. Ncha za magogo zikalie mawe, si udongo. Mbao za sakafu ziachiane nafasi ili maji yapite. Gome liondolewe, kwa kuwa huhifadhi unyevu na kuwaficha mchwa. Maungio yafungwe kwa bolti, ambazo huweza kukazwa na kufunguliwa, kuliko misumari mingi inayopasua ubao na kuingiza maji. Na mahali ambapo umbali unazidi urefu wa gogo la kuaminika, kenchi mbili zilizofunikwa kwa mabati machache zaweza kuwa na maisha marefu kuliko magogo makubwa yaliyoachwa wazi. Hata hivyo, daraja la kupitisha watu si kazi ya kubahatisha. Michoro yake haina budi kukaguliwa na mhandisi. Madaraja ya barabara za vijijini yako chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini ulioanzishwa mwaka 2017.

KAZI KWA WANAFUNZI

1. Tengeneza kenchi tatu za vijiti, zenye pembe za nyuzi 45, 30 na 15. Ning'iniza mawe katikati ya kila moja, ukiongeza kidogo kidogo, na uandike uzito unaoivunja. Linganisha na hesabu zilizotolewa katika makala haya. Angalia pia ni kipande gani kilichoshindwa, na kama kilishindwa chenyewe au kwenye kiungo.

2. Kata vipande sita vya ubao wa mti mmoja, vyenye ukubwa sawa. Vikaushe na kuvipima uzito. Viwili viache juu ya udongo nje, viwili juu ya mawe nje, na viwili juu ya mawe chini ya kibanda. Vipime kila juma kwa muhula mzima na uchore grafu. Ni vipi vinavyozidi asilimia 20?

3. Tembelea daraja la miti lililo karibu na shule ukiwa na mwalimu. Lichore, upime urefu wake na unene wa magogo, na uchunguze ncha zake kwa kuzichoma kwa kijiti chenye ncha kali. Kijiti kikizama, toa taarifa kwa ofisi ya kijiji siku hiyo hiyo.

4. Mtafute mzee anayejua kujenga msonge. Mwombe aeleze kwa mpangilio hatua za kazi, kuanzia kuchagua miti hadi kuezeka, na majina ya Kihaya ya kila sehemu. Andika na kuchora yote, kisha hifadhi nakala moja katika maktaba ya shule.